Kanuni Imepanda Ndege, Mimi Napanda Daladala

Wenzangu mliooa wanamuziki hamhitaji utangulizi. Nyinyi wengine, mliooa wauguzi, wahasibu na mabibi shamba, vuteni mkeka mkae, maana duniani kuna watu wanaishi raha mustarehe na wala hawajui.

Mke wangu anapiga kanuni. Kwa asiyeijua taarab, ni sanduku bapa la mbao lililokatwa mshazari upande mmoja. Lina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji hulipakata mapajani akazidonoa nyuzi kwa vijipembe vilivyobanwa na pete kwenye vidole vyake viwili vya shahada. Kwa sababu ya nyuzi hizo mke wangu nimempa jina la Bi Nyuzi, jina ambalo nalitumia nikiwa barazani tu, tena sauti chini. Kabla ya kupiga dakika kumi sharti azituni nusu saa, na unyevu wetu wa Unguja ukizidi mbao zinavimba, sauti zinahama, kazi inaanza upya. Watoto wetu walijua kutofautisha mahadhi ya Rasti na Bayati kabla hawajajua kufunga viatu. Yule mdogo akililia maziwa, hulia kwa Hijazi.

Katika nyumba nyingi mke ndiye anayelalamika kuletewa mwenza. Kwangu aliyeletewa ni mimi. Mwenza huyo analala kitandani, upande wa ukutani, amefunikwa kanga mpya, nami nikijigeuza usiku naambiwa, "Taratibu, baba, utaigonga." Sijawahi kusikia godoro likitetewa hivyo kwa ajili yangu.

Tunaishi Kikwajuni, nyumbani kwa mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana na ambaye kisirisiri namwita Spika. Kama yule wa Baraza la Wawakilishi, hakuna anayesema bila ruhusa yake. Tofauti ni kwamba huyu wetu haahirishi kikao. Yupo pia shemeji yangu, Promota. Huyu aliwahi kuuza tiketi za dansi moja, dansi lenyewe likavunjwa na mvua, na tangu siku hiyo anatembea na kadi za biashara. Binti yetu mkubwa ni Redio Mbao: habari ikimfikia saa moja, saa moja na robo iko Michenzani. Wa mwisho ni Mjusi, miaka mitatu, jina kalipata kwa kupanda kuta. Mimi ni mwalimu wa jiografia skuli ya sekondari, kazi inayoheshimika kila mahali isipokuwa hapa.

Mambo yalianza Februari, kwenye tamasha la Sauti za Busara, pale Ngome Kongwe. Bi Nyuzi alikuwa nyuma ya mwimbaji, kama alivyokuwa miaka yote: harusini nyuma, tafrijani nyuma, redioni nyuma, jina lake likisomwa mwisho kama muda umebaki. Baada ya onyesho akaja Mjerumani mmoja mwenye kofia ya ukindu, mtayarishaji wa muziki kutoka Berlin, akataka kumjua "yule mama wa kanuni". Watoto wakambatiza Bwana Kofia. Alichosema ni kifupi: aje Berlin mwezi wa Disemba, arekodi albamu yake mwenyewe. Ya kwanza. Kanuni mbele, wengine nyuma. Studio na malazi juu yake, nauli, tujitahidi.

Yakhe, hilo neno "tujitahidi" lina gharama zake.

Usiku ule kikao kilikaa sebuleni. Promota alijiteua meneja kabla chai haijamiminwa, akatutolea mfano wa Remmy Ongala: alivyotoka Dar es Salaam na Super Matimila, wakafika Uingereza, wakarekodi kwenye studio za Real World za Peter Gabriel, na 1989 ikatoka *Songs for the Poor Man*. "Mtaona," akasema, "mwakani tunahesabu yuro." Spika akatema tambuu. "Remmy mtoto wa juzi," akasema. "Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyekuwa akitembeza vyungu mjini, alipanda meli mpaka Bombay 1928 akatia sauti kwenye santuri za HMV, zile zenye mbwa. Mwanamke wa kwanza huku kwetu. Alikuwa na meneja?" Promota akanywa chai.

Nami, kwa kiherehere cha mwalimu, nikataka kueleza kwamba safari za nje kwa ajili ya kanuni zilianza kabla ya hapo, kwamba masimulizi ya taarab yanasema Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze chombo hichohicho, na kwamba Ikhwani Safaa walipojikusanya mwaka 1905… Nilipofika hapo nikagundua nazungumza na Mjusi peke yake, naye amelala.

Bwana Kofia aliomba kwanza atumiwe kipande cha kusikiliza. Kurekodi, wenzangu, ni ufundi wa kunyamazisha watu. Chumba chetu cha kulala kikageuzwa studio: godoro dirishani, mazulia ukutani, blanketi mlangoni, simu ya Redio Mbao juu ya rundo la vitabu vyangu vya mitihani. Feni ikazimwa kwa sababu inavuma. Joto la Machi mnalijua. Mke wangu ndani anatiririka jasho na pete zinateleza vidoleni. Mimi nje nimekabidhiwa wizara ya ukimya. Nikamfungia jogoo wa jirani kapuni. Nikamlipa kijana wa aiskrimu asipige honi, naye akawaambia wenzake, wakaja watatu kudai na wao walipwe kwa kutopiga. Nikawavua watoto kandambili. Adhana ikija tunasimama, hiyo haina mjadala. Nilisahau jiko la uani. Bi Nyuzi alipofika katikati ya taksimu nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, Spika, aliyekuwa akichambua mchele, akaipokea kutoka huko huko kwa sauti yake ya kikongwe, nyembamba, yenye mkwaruzo, akaimba kiitikio cha zamani ambacho hatukujua kama anakijua. Hakuna aliyethubutu kumkatiza. Kipande kikatumwa hivyo hivyo, na mchele ukisikika kwenye ungo.

Zikaja karatasi. Viza ya Ulaya ina taratibu zake: pasi, picha yenye kipimo, barua ya mwaliko, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, alama za vidole, na taarifa ya benki. Mwanamuziki wa harusi hulipwa mkononi, bahasha na maua, kwa hiyo benki haimjui. Ikaamuliwa mume awe mdhamini; taarifa ya kwangu ndiyo itolewe. Nikaileta nyumbani imefungwa kwenye bahasha, nikaiweka juu ya kabati. Redio Mbao akaifungua "kuhakikisha jina limeandikwa sawa", kisha, tukiwa mkekani na chakula kimepakuliwa, akaisoma kwa sauti ya taarifa ya habari.

Enyi wanaume wenzangu, lipa namba haina siri. Daktari alikuwa amenikataza vya kukaanga, na nyumba nzima ilikuwa ikinipikia mchicha kwa huruma. Sasa inasomwa: Jumatatu, urojo. Jumatano, urojo. Alhamisi, mishikaki, halafu urojo. Mke wangu aliacha kula. Kisha wakaanza kusomwa mafundi: fundi Vespa, kabureta, fundi Vespa, klachi, fundi Vespa, haikuandikwa nini. Spika akauliza kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopwa, "Mwalimu, mwanangu, hiyo Vespa inakula kuliko wanao?"

Vespa hiyo ilikuwa ya marehemu baba, rangi ya maziwa, taa ya mbele imechongoka, na asubuhi iliwaka ikiombwa vizuri. Iandikeni mahali, nitairudia.

Siku ya kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole, Bi Nyuzi alikuwa ametoka kupiga kwenye harusi ya Makunduchi. Watu wa kwao bibi harusi, kwa mapenzi, walimpaka hina na piko mikono yote mpaka ncha za vidole. Tukapanda boti ya asubuhi, bahari imechafuka, Promota anatapika kimeneja, kwa staha, na kitambaa mdomoni. Kufika, mashine ikasoma maua. Bi Nyuzi akanawa, akafuta, akaweka tena: maua. Yule dada wa dirishani alikuwa na adabu, akasema mama arudi vidole vikishajitokeza. Tukarudi Unguja na boti ya jioni. Spika akaagiza ndimu na chumvi, haikufaa; magadi, haikufaa; mwishowe akaamuru mke wangu afue kwa mkono nguo zote za nyumba hadi piko ipauke. Nikaona nafasi hiyo haiji mara mbili, nikashusha na mapazia.

Viza ikatoka. Tukashangilia, halafu Promota akapima kanuni kwa futi kamba. Inakaribia mita moja. Ndege nyingi zinaruhusu mzigo wa mkononi wa kama sentimita 55. Hapo pana njia mbili: ishuke chini na masanduku, au inunuliwe kiti. Promota akasema iende chini, tuibandike karatasi ya tahadhari. Bi Nyuzi hakusema kitu, alikaa tu kitandani na kuweka mkono juu ya kanga. Spika akasema badala yake: "Kanuni si papa mkavu. Haiendi chini."

Basi ikanunuliwa kiti. Tena si kiti chochote. Kwa usalama, mzigo wa kitini hufungwa mkanda dirishani, usizibe njia ya abiria. Mjusi akauliza kama itapewa juisi. Redio Mbao akauliza kama itachagua kuku au samaki. Mimi, ambaye nimefundisha vizazi kadhaa mito ya Ulaya bila kuuona hata mmoja, nikauliza fedha zinatoka wapi, na nilipoinua macho niliwakuta wote wanatazama uani, mahali ilipoegeshwa Vespa.

Aliyeinunua ni kijana wa Jang'ombe. Iliwaka mara moja tu, bila kuombwa, na kuondoka. Sijaisamehe.

Likabaki suala la vijipembe. Mwalimu wa kanuni wa mke wangu alikuwa amemwachia vya gamba la ng'amba, vyembamba, vya rangi ya asali, vinavyotoa mlio ambao pembe ya ng'ombe haiufikii. Promota akasema vitiwe tu mkobani, nani atakagua? Hapo kwa mara moja mwalimu wa jiografia alisikilizwa: ng'amba analindwa, biashara ya kimataifa ya gamba lake imepigwa marufuku na mkataba wa CITES, na kitu hicho kinaweza kushikwa uwanjani pamoja na mwenyewe. Kimya kikatanda. Nikashinda. Zawadi ya ushindi ikawa kutafuta pembe ya ng'ombe na kukaa uani na msasa usiku hadi usiku, nikizipunguza pembe hadi zilingane, huku Bi Nyuzi akizijaribu na kusema, "Bado nene. Bado. Sasa umezidisha, anza nyingine."

Asubuhi ya safari ukapotea ufunguo wa kutunia. Ni kitu kidogo cha shaba, kizito, kina tundu la kuvalia vigingi. Bila huo, nyuzi 78 ni kamba za kuanikia nguo. Tulipekua mifuko, tukamgeuza Mjusi kichwa chini miguu juu, Promota akaenda mjini kuazima kwa wapiga kanuni wenzake, teksi nje inapiga honi. Ndipo nikasikia, ko, ko, ko, kutoka barazani. Spika ameketi, kijaluba chake kimefunguka, ana ufunguo mkononi anapondea popoo. "Huu?" akasema. "Nimekuwa nautumia tangu Ramadhani. Unaponda vizuri." Ukasafiri hivyo hivyo, una harufu ya tambuu na chokaa.

Bi Nyuzi akaondoka. Skuli zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilibaki na watoto mchana kutwa chini ya uangalizi wa Spika. Wali nilipika; ukoko ulikuwa mwingi kuliko wali. Kusuka ndiko kulikonishinda. Binti wa kati alitaka mabutu mawili, nikatengeneza, moja likaelekea Pemba na jingine Bagamoyo. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akanishika bega, akasema, "Si kitu, baba. Nitavaa mtandio."

Jioni tunapiga simu. Berlin, baridi tuliitarajia. Ukavu ndio uliotushangaza. Nyumba zao hupashwa joto kwa radieta, hewa inakauka, mbao zinanywea, ile ngozi iliyobeba daraja la nyuzi inakaza, na sauti zote zinapanda. Siku ya kwanza alituni asubuhi nzima, wakaenda kula, wakarudi wakaikuta kanuni imehama makwao. Fundi mitambo akaleta mashine ya kutoa mvuke na kipima unyevu. Nikaeleza kwa simu habari ya hewa baridi kubeba maji machache na kukauka zaidi ikipashwa moto. Nikasikia Bwana Kofia nyuma anasema kwa Kiingereza kwamba mume wa mama ana akili. Nikaomba arudie, Spika asikie. Mtandao ukakatika.

Shida ya pili ilikuwa ya kitaarab. Kule walitaka kila mmoja apige peke yake, vifaa masikioni, mashine inagonga tik tik tik kuhesabu mapigo, halafu vyote viunganishwe. Bi Nyuzi amezoea fidla, akodiani, besi na dumbak kuvuta pumzi pamoja. Mmoja akichelewa, wengine wanamngoja mlangoni. Akapiga taksimu ya kufungulia. Nzuri sana, wakasema, sasa rudia vilevile tuwe nayo ya akiba. Akawaambia vilevile haipo: taksimu hutungwa inapopigwa, ukiirudia ni nyingine. Wakamsihi. Akavua vifaa vya masikioni, akavikunja vizuri, akaviweka mezani. Ndugu zangu, mimi kitendo hicho nakijua. Mara nyingi huikunja hivyo miwani yangu. Walizima tik tik siku hiyo hiyo, wakamwita mpiga fidla na wa dumbak chumba kimoja, wakarekodi mara moja kila wimbo.

Alinitumia picha ya ratiba iliyobandikwa mlango wa studio. Jina lake limeandikwa juu kabisa, peke yake, herufi kubwa. Nikaikuza hadi herufi zikavunjika, nikaenda kumwonyesha muuza kahawa, kinyozi, na yule kijana wa Jang'ombe aliyepita na Vespa yangu. Alisimama kutazama. Alipotaka kuondoka, Vespa ikakataa kuwaka, nami nikajisikia vizuri kidogo.

Nilidhani hapo ndipo hadithi inapoishia. Karibu na kumaliza, Bwana Kofia akasikiliza tena kile kipande cha kwanza, cha godoro na mazulia, akasimama palipoingia sauti ya uani. Nani huyu? Akaambiwa. Akasema albamu haiwezi kufungwa bila sauti hiyo. Wimbo mmoja wamwachie nafasi. Mama aje Berlin autie mwenyewe, hewa ikishaingia joto.

Kikao kimekaa tena. Spika amekubali, kwa masharti. Pasi inahitaji cheti cha kuzaliwa, naye kumbukumbu yake ni kwamba alizaliwa mwaka wa karafuu nyingi, kwa hiyo Promota kapewa kazi ya kutafuta ni upi. Anataka kiti cha dirishani, na alipokumbushwa kwamba dirishani ni pa kanuni, alisema ndege ina ubavu wa pili. Tambuu iende. Na mkwe wake, mwalimu, kwa kuwa safari ya kwanza alidhamini vizuri, adhamini na hii: taarifa ya benki ya miezi mitatu, mpya, isomwe mkekani kama desturi.

Nimeshajipanga. Kuanzia wiki hii, urojo nalipa taslimu.